Mwanamke Aliyekataa Kushika Msahafu

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za kabati la mahakama, nikatia sahihi kwamba nimezirudisha, na aliyezipokea akanipa mkono bila ya kuinuka kitini. Hivyo ndivyo utumishi unavyokwisha. Sasa nashinda nyumbani, na mke wangu Zuhura amekwisha kunifukuza jikoni mara mbili kwa kutoa amri zisizotakiwa. Mahakimu wawili wapya walikuja kunijulia hali, wakaniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Waliniuliza habari za vyeo na mishahara. Hayo yamo ndani ya faili langu, na faili ni nene, wakalisome. Mimi nitaandika ya nje ya faili.

Nilikuwa mudiri, yaani hakimu mdogo wa huku bara ya Mombasa. Juu yangu palikuwa na liwali, na juu ya liwali palikuwa na Wazungu. Mashauri yangu yalikuwa ya mipaka ya mashamba, mbuzi waliokula mihogo ya watu, matusi ya visimani na ngumi za harusini. Ndoa na mirathi zilikuwa za kadhi, na kila Ijumaa nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Niliingia kazini nikiwa mtu mzima, nimekwisha kusomesha chuo cha Kurani miaka mingi. Vita vilikuwa vimeanza, makarani vijana wamekimbilia kazi za jeshi, na serikali ikawa yachukua yeyote ajuaye kushika kalamu. Nikapelekwa Changamwe, katika banda la mabati karibu na reli. Gari la moshi likipita, shahidi hunyamaza, hakimu hunyamaza, wote tunatazamana mpaka behewa la mwisho lipite. Nimewahi kuona watu wawili waliokuja wakiwa tayari kutoana roho wakasahau ugomvi wao kwa kuhesabu mabehewa.

Karani mkubwa pale alikuwa Mzee Bakari, mtu mfupi, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka haina rangi. Siku ya kwanza alinipa daftari na kalamu, akaniambia niandike majina ya waliofika. Nikaandika Juma bin Ali, Juma bin Ali, Juma bin Ali. Akanisomea, akacheka.

"Sasa, mwanangu, nikimwita Juma bin Ali, atakuja yupi?"

"Sijui, mzee."

"Waulize wateka maji kisima gani. Mtu huweza kubadili jina, huweza kubadili nyumba. Kisima chake hakibadili, maana mkewe hakubali."

Tangu siku ile mpaka nilipostaafu niliandika kisima cha kila mtu pembeni mwa jina lake. Alinifundisha na jingine: kabla ya kumuuliza mtu kitu chochote, muulize ametoka kwake saa ngapi. Aliyetembea tangu alfajiri apewe maji kwanza. Mzee Bakari alisema kwamba nusu ya uongo unaosemwa mahakamani husemwa na kiu.

Wiki yangu ya pili aliletwa mtu aliyeshikwa akiuza tembo la mnazi bila ya ruhusa, pamoja na kibuyu cha tembo kama kielelezo. Mimi mwalimu wa chuo sikujua tembo hufanya nini likifungiwa katika joto. Nikakiziba kibuyu barabara, nikakitia kabatini, nikafunga kwa ufunguo. Adhuhuri ilipokaribia, kikapasuka kwa kishindo, hata askari akalala chini akidhani ni bomu la Mtaliana. Mlango wa kabati ukafunguka wenyewe, povu likamwagikia daftari. Mshtakiwa aliachiliwa kwa kukosa kielelezo. Daftari lile lilinuka mpaka Ramadhani, nami nikaandika ndani yake nikiwa nimefunga.

Baadaye nikafanywa mudiri, nikahamishiwa upande wa Kisauni, na kwa bahati yangu Mzee Bakari akaja pamoja nami. Kila asubuhi nilivuka daraja la Nyali kwa baiskeli, kilemba kichwani, joho limefungwa nyuma kwa kamba ya usumba wa nazi. Siku ya kwanza kuketi kiti cha hakimu miguu ilinitetemeka, nikashukuru kwamba meza ina kitambaa kirefu. Lakini woga hauishi mwaka. Baada ya miezi michache nikawa sitetemeki tena, na nawaambia wazi kwamba hapo ndipo nilipoanza kuwa hakimu wa hatari.

Juu ya meza yangu palikuwa na msahafu juu ya marufaa, kile kibao cha kusomea, umefunikwa kitambaa cha kijani. Pembeni palikuwa na Biblia kwa ajili ya Wakristo wa kutoka Rabai na Kaloleni. Muislamu akija kuapa nilimfunulia msahafu, nikamwambia aweke mkono, aape. Hakuna sheria iliyonilazimisha kufanya vile. Mudiri aliyenitangulia alifanya, nami nikafuata, maana ilipendeza, na watu walikuwa wakiingiwa na hofu. Hofu ile nilidhani ni ya kuniogopa mimi.

Basi akaja Mwanaidi binti Hamisi, mkaaji wa njia ya Ziwa la Ng'ombe. Alikuwa mjane wa miaka kama thelathini, mwenye watoto watatu. Marehemu baba yake alipanda minazi kumi na sita katika shamba la mtu wa mjini, kwa ile desturi yetu mnayoijua: ardhi ni ya mwenye ardhi, na mnazi ni wa aliyepanda kwa idhini yake. Baba mtu na mwenye shamba walipatana kwa mdomo, wakapeana mikono, wakafa wote wawili. Mwanaidi akawa anaishi kwa minazi ile. Aliuza nazi, akasuka makuti, na watoto wakala.

Mrithi wa shamba, Bwana Salim bin Nasoro, alikuwa mfanyabiashara wa mjini, mtu wa adabu na manukato. Alitaka minazi ikatwe ili kiwanja kiwe kitupu, akikodishe kwa watu wa jeshi waliotafuta mahali pa kuweka magari yao. Alisema hana habari ya idhini yoyote, na hakuwa akisema uongo. Baba yake hakumwambia.

Mwanaidi alikuwa na shahidi mmoja tu aliye hai, Mzee Kombo, aliyechimba mashimo ya miche na kusikia maagano kwa masikio yake. Katika mambo ya mali, sheria yetu yakubali shahidi mmoja mwanamume pamoja na kiapo cha mdai mwenyewe. Mzee Kombo akasema yake vizuri. Kikabaki kiapo cha Mwanaidi, neno moja tu, na minazi ni yake.

Nikafunua kitambaa cha kijani.

"Haya, Mwanaidi. Weka mkono juu ya msahafu, uape."

Hakusogea. Baraza ilikuwa imejaa wanaume, wengine wamesimama madirishani.

"Mwanaidi, wasikia?"

"Abee, bwana mudiri. Nasikia."

"Basi weka mkono."

"Nitaapa, bwana mudiri. Wallahi nitaapa. Lakini mkono siweki."

"Kwa nini?"

Akainamisha kichwa, akajivuta buibui usoni. Mzee Bakari akakohoa. Nikamuuliza mara ya pili, Mzee Bakari akakohoa tena. Nikamuuliza mara ya tatu, kama nilivyofunzwa, na sauti yangu imepanda. Mwanamke amesimama kama mti, machozi yamteremka, na neno halimtoki. Mzee Bakari akakohoa mpaka nikamkata jicho.

Nikaamua kwamba amekataa kiapo kwa kuogopa kuapa uongo. Nikaandika kwamba dai limeanguka na minazi ni ya Bwana Salim. Nikampa Mwanaidi siku thelathini za kukata rufaa, na katika siku hizo mnazi hata mmoja usikatwe. Watu wakatoka wakisifu: "Mudiri huyu ana macho, amemuona mwongo kwa msahafu tu." Nami nikasikia, na nikaona raha.

Zikapita wiki karibu tatu. Siku moja nilikuwa nyumbani, Zuhura amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, nami kwa kujisifu nikamhadithia kesi ile. Alikuna, alikuna, kisha mkono ukasimama.

"Alisema ataapa?"

"Alisema ataapa, lakini hataki kuushika msahafu."

"Na mle barazani mlikuwa na wanawake wangapi?"

"Yeye peke yake."

Zuhura akaiweka nazi chini. Sijapata kuangaliwa vile na mtu, si kabla wala baada.

"Wewe hukusomesha chuo? Hukuwafundisha watoto wa watu ni nani asiyefaa kuushika msahafu? Mwanamke akiwa katika siku zake aushike vipi? Na wewe wamuuliza kwa nini, mbele ya waume arubaini! Ulitaka akujibu nini, mume wangu? Hebu nambie, ulitaka aseme nini?"

Hukumu ile ya twahara niliijua kwa moyo tangu nina miaka kumi, niliisomesha kwa fimbo mkononi, na siku ilipokuja kusimama mbele yangu na miguu miwili sikuitambua. Niliona haya, na haya zile mpaka leo zikinijia huacha ninalofanya. Tena likanijia jambo lililo baya zaidi. Wanaume chungu nzima waliushika msahafu ule mbele yangu, wametoka sokoni, wametoka mifugoni, na sikumuuliza hata mmoja kama ana udhu. Katika wote hao aliyeuheshimu ni Mwanaidi, na ndiye niliyemwita mwongo.

Asubuhi nikamuuliza Mzee Bakari kama alijua.

"Nina binti watano, mwanangu. Nilijua."

"Mbona hukunambia?"

"Nilikohoa mara tatu. Ulitaka nikohoe mpaka nitapike?"

Lakini kudhani si kujua. Zuhura akasema atakwenda mwenyewe. Hapa nawaonya: mke wa hakimu hana ruhusa ya kumwendea mdai, na mimi nilimruhusu. Ni kosa juu ya kosa, msilifanye. Akavuka daraja, akaenda kama mtu anayetafuta makuti ya kuezekea banda la kuku. Akakuta minazi imekwisha kutiwa alama za chokaa na watu wa Salim, na Mwanaidi amekaa chini yake akisuka, maana makuti bado ni makuti. Aliporudi akanambia ni kweli. Kisha akanipa na ujumbe.

"Amesema, mwambie mudiri asilitaje. Kama lazima litajwe ndipo minazi irudi, basi bora ikatwe. Ana watoto wa kike wa kuoza, hataki wachekwe kisimani."

Zilibaki siku tisa.

Fikirini hali yangu. Kuifungua upya hukumu niliyokwisha kuitoa, nilihitaji idhini ya liwali, mkubwa wangu wa Mombasa, na mkubwa angetaka sababu. Sababu ikiandikwa husomwa na makarani, na makarani wana midomo. Nikararua karatasi tatu. Ya nne nikaandika kwamba hakimu alikosea katika kuapisha, na kwamba kosa ni la hakimu peke yake. Nikaipeleka kwa mkono wangu.

Mkubwa wangu akaisoma mara mbili, akavua miwani.

"Ulikosea vipi?"

"Nilimlazimisha mwanamke namna moja ya kiapo, na sheria ina nyingine. Kiapo ni ulimi. Kushika msahafu ni pambo tulilolizidisha wenyewe."

"Yeye hakulalamika. Hakukata rufaa. Nani aliyekuzindua?"

"Nilizinduliwa nyumbani kwangu."

Akairudisha miwani puani. Naye ana mke. Sijui alielewa nini, lakini swali jingine hakuliuliza.

"Nikikupa idhini, nitaandika katika faili lako kwamba hujui kuapisha. Hakimu asiyejua kuapisha! Itakufuata mpaka utakapostaafu."

"Inshallah nitaizoea," nikasema.

Akaandika yote mawili, idhini na lawama. Idhini niliondoka nayo mkononi, na siku zimebaki nne.

Siku ya kusikiliza upya baraza ilijaa kuliko ya kwanza. Habari imeenea mpaka Nyali kwamba mudiri ayala matapishi yake. Bwana Salim akasimama, manukato yake yakafika mezani kabla ya maneno.

"Bwana mudiri, kwa heshima zote. Ulihukumu. Leo wafungua tena. Kuna nini?"

"Nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Utaratibu wa kiapo, Bwana Salim. Imeandikwa hapa."

"Mwanamke alikataa kuapa, sote tuliona!"

"Hakukataa kuapa. Alisema ataapa, na mimi sikusikia. Kosa ni langu, si lake."

Watu wakaguna, mmoja dirishani akacheka kwa sauti. Kwa miaka miwili baada ya hapo, nikipita darajani na baiskeli yangu, walinzi walikuwa wakinong'onezana: "Mudiri Nilikosea huyo." Nikalizoea nalo. Salim alikasirika kweli, akasema atakata rufaa kabla jua halijatua, na haki yake nikaiandika.

Kisha nikasema kwa sauti, wasikie na wa madirishani, kwamba tangu siku ile katika mahakama yangu kiapo cha Muislamu ni kwa ulimi. Hakuna atakayeambiwa ashike kitu, mwanamume wala mwanamke, wala hakuna atakayeulizwa kwa nini. Nikaurudishia msahafu kitambaa chake. Nikamwita Mwanaidi.

Akaja mbele. Nikamwambia, "Apa hapo hapo uliposimama, mama. Yatosha."

Hakuapa. Alisogea hatua mbili mpaka mezani. Nilitaka kumzuia, nikidhani hakunisikia au amenihofu. Akainua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Leo nina udhu, bwana mudiri," akasema.

Akaondoa kitambaa mwenyewe, akauweka mkono wake juu ya msahafu, vidole vimepasuka kwa kusuka makuti. Akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba baba yake alipanda minazi ile kwa idhini ya mwenye shamba. Sauti yake haikutetemeka. Wanaume wote walilisikia lile neno la udhu, na kwao lilikuwa neno la mcha Mungu, basi. Mzee Bakari hakukohoa. Aliandika, akapuliza wino, akajifuta macho kwa kofia.

Nilihukumu minazi kumi na sita ni ya Mwanaidi binti Hamisi, isikatwe wala isiguswe. Alama za chokaa alizifuta mwenyewe jioni ile, yeye na watoto wake, kwa maji na vumbi la makumbi ya nazi. Hayo niliyapata kwa Zuhura, ambaye kutoka siku ile hakununua makuti kwingine.

Ilibaki rufaa ya Salim. Aliileta kweli, imeandikwa vizuri na mtu wa mjini, na nilipoisoma nikaona ina nguvu. Ingefika juu, ningeulizwa kwa kina, na safari hii nisingeweza kujificha nyuma ya neno utaratibu. Ama ningesema siri ya mwanamke, au angepoteza minazi mara ya pili. Kwa siku kumi sikulala vizuri. Faili nilikuwa nalifunga kamba kulipeleka Mombasa pale Salim mwenyewe alipobisha hodi mahakamani. Ilikuwa saa ya mapumziko, watu hawapo, na safari hii hakujipaka manukato.

"Nimekuja kuiondoa rufaa yangu," akasema.

"Una haki ya kuiendeleza, Bwana Salim."

"Najua."

Nikamkaribisha kitini. Akakaa, akazungusha pete yake kidoleni.

"Jana nilimhadithia mke wangu kesi nzima," akasema. "Mpaka lile neno alilolisema yule bibi kabla ya kuapa. Mke wangu akanitazama. Akaniuliza, siku ile ya kwanza mlikuwa na wanawake wangapi mle ndani?"

Nikatazama sakafu. Naye akatazama sakafu. Tulikaa hivyo, mwalimu wa chuo na mtoto wa watu waliosoma, kila mmoja ametumbulia macho vigae, na hakuna aliyelitaja lile jambo. Kisha nikampa kalamu, akatia sahihi kuondoa rufaa, nami nikaigonga muhuri.

Mlangoni akasimama.

"Nyumba yake iko upande gani wa ziwa?"

Nilimwambia. Gari lake lilikuwa limeelekea darajani, kwao mjini. Akaliacha pale pale, akavua viatu vyake vya ngozi, akavishika mkononi kwa ajili ya mchanga, na kushika njia ya Ziwa la Ng'ombe kwa miguu.